Barua ya wazi: Kabla ya kuwanyoa sungura, pimeni pakiti za piko

Kwa wakuu wa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), Bodi ya Dawa na Sumu, na Idara ya Afya ya Kaunti ya Mombasa.

Waheshimiwa,

Asalaam aleykum, na salamu za heri kwenu nyote.

Katika kikao kimoja cha mtaa hapa Mji wa Kale, kina mama walilalamika kuhusu mikono ya watoto wao iliyoharibika baada ya kuchorwa piko, ile rangi nyeusi ya mapambo, wakati wa Iddi. Mzee mmoja akasimama akasema dawa ni moja: serikali iichukue hiyo piko, iwapake sungura, na ikiwadhuru ndipo ikatazwe. Watu wakaitikia, na mwendesha kikao akaandika. Nasikia pendekezo lile limeshatiwa kwenye barua na liko njiani kuja kwenu, na ndiyo sababu nami naandika, ili barua zetu zikutane mezani.

Naomba msilifuate. Sungura nawahurumia, lakini si hilo tu. Swali analouliza mzee wetu lilijibiwa zamani, na wanyama walioumia katika kulijibu walikufa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kwamba rangi hii huleta mzio, hilo linajulikana. Sisi wa Mombasa tusichokijua ni kiasi gani cha kemikali yake kimo ndani ya pakiti inayouzwa leo, na hilo halitapatikana kwenye ngozi ya mnyama yeyote. Linapatikana maabara, kwa kupima unga wenyewe.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule ya upili. Jioni na siku za harusi namsaidia dada yangu, ambaye riziki yake ni kuchora hina na piko. Kwa hiyo nayajua haya kwa pande mbili: chupa na kiganja.

Kwa walio kwenu ambao hawakukulia Pwani, nieleze kidogo. Hina ni majani yaliyokaushwa na kusagwa. Rangi yake inatokana na kiambata kiitwacho losoni, nayo hushika ngozi polepole: unapaka usiku, unalala nayo, asubuhi unaibambua imeacha rangi ya chungwa, na kwa siku moja mbili inakolea kuwa nyekundu ya udongo au kahawia. Haiwi nyeusi tii, hata uiongeze ndimu, majani ya chai na mafuta ya karafuu usiku kucha. Piko ndiyo nyeusi. Inachorwa pembeni ya hina ili maua yatokeze, au inachorwa peke yake, na inakolea ndani ya nusu saa. Biharusi anaipenda kwa sababu inaonekana kwenye picha. Mchoraji anaipenda kwa sababu wateja kumi wanaweza kupita kwake jioni moja.

Weusi huo wa haraka hautoki kwenye jani. Unatoka kwenye unga wa rangi ya nywele, na ndani ya unga huo mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo wataalamu huifupisha PPD. Ukitaka kuiona ikifanya kazi, keti karibu na dada yangu anapokoroga. Anamimina unga kijiko kimoja kwenye kibakuli cheupe, maji kidogo, anasaga kwa mgongo wa kijiko mpaka mabonge yaishe. Mwanzo ni rangi ya kijivu chafu. Halafu, huku anachagua kijiti, juu kunaanza kuingia kahawia, kisha wekundu wa zambarau kwenye kingo ambako uji ni mwembamba, na kabla hajamaliza kunyoosha mkono wa mteja kibakuli chote kimekuwa cheusi. Ni hewa iliyokuwa ikiungana na ile kemikali. Mkiongeza peroksaidi, kama wafanyavyo wa saluni, inakwenda mbio zaidi. Mageuzi hayo hayo yanayotupa weusi ndiyo yanayozaa vitu vinavyong'ang'ania protini za ngozi, na hapo ndipo mzio unapoanzia.

Sasa nije kwa wanyama, kwa sababu naona watu wengi wanazungumza kana kwamba ni jambo ambalo halijawahi kufanywa.

Kwanza, sungura siye. Sungura ndiye aliyetumiwa katika jaribio la Draize, la Marekani, lililochapishwa mwaka wa 1944, na jaribio lile lilitafuta mwasho: kitu kinachochoma jicho au ngozi papo hapo, kama sabuni kali au tindikali. Mzio si mwasho. Kitu chaweza kukaa mkononi mara ya kwanza kikanyamaza kabisa, na bado kikawa kimeshaacha madhara yake. Mkipaka sungura piko leo na kesho mkamkuta hana kitu, mtatangaza ni salama, na tangazo hilo litabandikwa kwenye kila duka kuanzia Marikiti mpaka Kongowea. Hilo ndilo linalonitisha zaidi katika pendekezo la mzee wetu.

Mnyama aliyetumiwa kutafuta mzio wa ngozi ni simbilisi, yule mdogo asiye na mkia anayefugwa kama sungura. Mwaka wa 1969 watafiti wawili, Magnusson na Kligman, walieleza jaribio ambalo baadaye lilienea maabara nyingi duniani. Mnyama ananyolewa mabegani, anadungwa kemikali pamoja na mafuta maalumu yenye kuamsha kinga ya mwili. Baada ya wiki moja kemikali inabandikwa juu ya pale pale kwa saa 48. Anaachwa wiki mbili. Kisha inabandikwa ubavuni, mahali papya, na ngozi inasomwa siku ya pili na ya tatu kuona kama imekuwa nyekundu na kuvimba. Mwongozo wa Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ulitaka wanyama wasiopungua 10 wa kujaribiwa na 5 wa kulinganishia, na kama asilimia 30 wakionyesha dalili, kemikali inahesabiwa kuwa ni ya mzio.

Baadaye likaja jaribio la panya, lililopata mwongozo wake wa OECD mwaka wa 2002. Panya anapakwa nyuma ya masikio siku tatu mfululizo. Siku ya sita anauawa, na tezi za limfu zilizo karibu na sikio zinatolewa kupimwa ni kwa kiasi gani chembe zake zimezaliana. Zikizidi mara tatu ya panya wasiopakwa, jibu ni ndiyo. Jaribio hili lilileta faida moja: linatoa namba, yaani ni kiwango gani cha kemikali kinachotosha kufikisha mara tatu hizo. Kwa PPD kiwango hicho kiko chini ya asilimia 1, chini sana. Kwa lugha ya wataalamu, hiki ni kichochezi kikali cha mzio. Hakuna mjadala juu yake. Nchini Ujerumani kuna wakati katika karne ya 20 ilipigwa marufuku kwenye rangi za nywele kwa sababu ya mizio, na mwaka wa 2006 chama cha madaktari wa mzio wa ngozi cha Marekani kiliitangaza kuwa ndicho kichochezi cha mwaka. Jina la ajabu kwa tuzo, lakini ujumbe ulifika.

Kwa hiyo, waheshimiwa, tukiwanyoa simbilisi 15 hapa Mombasa, baada ya wiki nne tutajua kitu kilichoandikwa vitabuni tangu wazazi wetu wakiwa vijana. Na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, yenye masharti yake kuhusu majaribio ya wanyama na leseni zake. Sioni ni kwa hoja gani mtu angeiomba leseni hiyo wakati jibu liko mkononi.

Lipo jambo jingine ambalo jaribio la mnyama haliwezi kutufaa. Linahukumu kemikali. Sisi hatununui kemikali, tunanunua pakiti. Pakiti ya wiki hii na ya wiki ijayo, zenye picha moja ya mwanamke mwenye nywele za kumetameta, zaweza kuwa na viwango tofauti kabisa. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isizidi asilimia 2 kwenye rangi ya nywele, hesabu ya wakati imeshachanganywa na iko tayari kupakwa kichwani, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Marekani nayo hairuhusu hata hina kuwa rangi ya ngozi, sembuse hii. Wapimaji wa Umoja wa Falme za Kiarabu walichapisha mwaka wa 2010 matokeo ya hina nyeusi za huko kwao, na kiwango cha juu walichokikuta kilikaribia asilimia 30. Huko ndiko tunakoiga nguo za harusi, michoro na hata mapambo ya ukumbi. Sina sababu ya kuamini kuwa unga wao ulisimama Dubai ukakataa kupanda meli ya Kilindini.

Dada yangu akikoroga, hakorogi kwa asilimia. Anakoroga mpaka uji uwe mzito wa kuchoreka. Maana yake ni kwamba unga mwingi unaingia kwenye maji machache kuliko yalivyokusudiwa kwa nywele, na uji huo unakaa juu ya ngozi, si juu ya unywele ambao ni kitu kilichokwisha kufa.

Nieleze na namna mzio unavyojenga nyumba yake, kwa sababu hapa ndipo hata watu wenye elimu hupotea. Mara ya kwanza mwili hausemi neno. Ni kama mwenye duka la mtaa anayeandika jina lako kwenye daftari la deni: unaondoka na unga wako na sukari yako, hakukusumbua. Chembe za ulinzi zilizo ndani ya ngozi huichukua ile kemikali iliyojibandika kwenye protini, huipeleka kwenye tezi, na huko zinafundishwa chembe nyingine zitakazoikumbuka maisha yote. Kazi hiyo huchukua kama siku 10 mpaka wiki mbili. Ndiyo maana wapo ambao piko yao ilishaanza kufifia, halafu pale pale ilipochorwa pakaanza kuwasha. Na wapo ambao hawakuona chochote Iddi hii; Iddi ijayo, ndani ya siku moja au mbili, mkono unafura.

Nimeuona mkono huo kwa karibu. Msichana wa darasa la sita, jirani yetu. Ua lilianza kwenye kidole cha kati, likapita mgongo wa kiganja, likazunguka kifundo mara mbili kama bangili. Mama yake alipoufunua ule mtandio, rangi yenyewe ilikuwa imeshatoka yote, lakini mchoro ulikuwepo: kila jani, kila nukta, kila kikonyo kimeinuka juu ya ngozi, chekundu, na kwenye vituo ambapo mchoraji hukandamiza kijiti pamejaa malengelenge yenye maji ya manjano. Ungeweza kulisoma ua zima kwa ncha ya kidole huku umefumba macho. Palipopita kijiti palivimba na pembeni yake, milimita moja tu, ngozi ilikuwa ya kawaida kabisa. Sijaona picha ya kitabuni iliyoeleza mzio wa kugusana vizuri kuliko mkono wa mtoto yule. Baadaye malengelenge yalikauka, na badala yake pakabaki ua jeupe, kwa sababu ngozi ilipoteza rangi yake ya asili.

Watu wakiona hivyo husema: "Basi asipake tena piko, yaishe." Hayaishi. Daftari halifutwi. Msichana huyo akifika umri wa kutia rangi nywele zake, awe na miaka 20 au 50, rangi nyingi za nywele zilizoko madukani zina PPD au ndugu zake, na safari hii itakayovimba ni ngozi ya kichwa, kope na uso. Kuna pia baadhi ya rangi za vitambaa vya poliesta, hasa vile vyeusi na vya buluu nzito, ambazo mwili uliokwisha kuikataa PPD unaweza kuzikataa nazo kwa kuwa zinafanana kwa umbo. Hebu fikirini mwanamke wa Mombasa, aliyezoea buibui, akiambiwa achague vitambaa kwa tahadhari maisha yake yote. Zipo pia baadhi ya dawa za kutia ganzi za jamii ya benzokeini zinazoingia katika ukoo huo huo. Haya yote kwa ajili ya ua la siku chache alilochorwa akiwa na miaka 11.

Pakiti zenyewe zinajua. Moja ninayo hapa mezani. Kwa mbele kuna picha na jina. Kwa nyuma, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa kioo cha kukuzia cha maabara, imeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni ya nywele pekee, kwamba ijaribiwe saa 48 kabla, kwamba yaweza kuleta mzio mkali, na kwamba isitumiwe kwa walio chini ya miaka 16. Huko Ulaya rangi hizi zinatakiwa kubeba onyo linalotaja waziwazi michoro ya hina nyeusi kuwa inaongeza hatari. Mwenye duka anaijua pakiti kwa rangi ya karatasi yake. Mchoraji anaijua kwa wepesi wa kukolea. Mama wa mtoto haioni kabisa, maana ikifika kwake imeshakuwa uji kwenye kibakuli au imeshatiwa kwenye koni isiyo na maandishi. Na huo ni upande wa zile zenye pakiti. Upo unga unaopimwa kwa kijiko kutoka mkebe mkubwa, ukafungwa kwenye karatasi ya gazeti.

Ninachoomba, basi, ni kupima. Chukueni sampuli kwenye maduka ya Barabara ya Biashara, Marikiti, Mwembe Tayari, Kongowea na Likoni, zile za pakiti, zile za mkebe, na zile koni zilizokwisha kujazwa. Chukueni pia kutoka kwenye vibakuli vya wachoraji wenyewe siku ya kuamkia Iddi. Nina hakika wengi watawapa bila ugomvi mkija kwa adabu na bila askari. Kupima PPD si kazi ya miujiza. Ni kazi ya mashine ya kromatografia ya vimiminika, inayotenganisha kemikali zilizochanganyika na kupima kiasi chake, ambayo ni kifaa cha kawaida katika maabara za uchambuzi, na sampuli moja haimalizi siku nzima. Viwango vya Afrika Mashariki kuhusu vipodozi, EAS 377, tayari vina orodha ya vitu vilivyokatazwa na vilivyowekewa mipaka. Hamhitaji kutunga sheria mpya kabla ya kushika kijiko.

Kisha mchapishe matokeo kwa majina na kwa namba ya toleo la pakiti, kwa Kiswahili, mahali ambapo mtu wa Majengo mwenye simu ndogo atayaona. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kuitumia bidhaa kwa faida yake, na haki ya kulindwa afya yake. Ripoti iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Nasema hivi nikiwa nimekaa serikalini miaka ya kutosha kujua kabati lina uzito gani.

Na lebo. Kiswahili, mbele ya pakiti, si nyuma: SI YA NGOZI. Neno PPD na asilimia yake. Unga wa mkebe usio na jina uondoke sokoni. Msiniambie haiwezekani, kwa sababu mwaka wa 2017 serikali hii hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na sote tulishuhudia maduka yalivyobadilika kwa muda mfupi. Kinachotakiwa ni mtu wa juu aamue kuwa jambo hili ni lake. Kwa sasa naona kila ofisi ina sababu nzuri ya kuliita la jirani: wa viwango atasema ni vipodozi vya mtaani, wa dawa atasema si dawa, wa afya ya kaunti atasema bidhaa zinaingilia bandarini. Ndiyo maana nimeziandikia ofisi tatu barua moja.

Kuna wanaotaka piko ipigwe marufuku kesho asubuhi na wachoraji wakamatwe. Kwa hilo siafiki. Wachoraji wengi ni wajane, ni wasichana waliomaliza shule bila kazi, ni kina mama wanaolisha nyumba kwa misimu miwili mitatu ya harusi. Mkiwakimbiza wataingia vyumbani, na unga utakaowafikia huko utakuwa mbaya kuliko huu. Waiteni. Wapeni mafunzo ya siku moja, wafundishwe kutengeneza hina ya jani inayokolea vizuri, na leseni ya kaunti iwe na sharti la kutochora watoto kwa rangi ya nywele. Wapo wateja watakaolalamika kuwa si nyeusi vya kutosha. Watazoea. Bibi zetu waliolewa kwa hina nyekundu na ndoa zao zilidumu kuliko nyingi za siku hizi.

Hata hivyo nisiipambe hina kupita kiasi. Hina safi mara chache sana huleta mzio, lakini mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ambayo si ngeni kwenye maeneo ya malaria kama Pwani yetu, anaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu akipakwa hina mwili mzima au miguuni. Wakunga wa kliniki waliseme hili kwa kina mama wanapokuja na watoto wa siku arubaini. Ni sentensi moja tu.

Upande wa hospitali na zahanati ombi langu ni dogo. Mgonjwa mwenye malengelenge mkononi akija, aulizwe kuhusu piko na rangi ya nywele, na jibu liandikwe kwenye rejista kwa neno lenyewe, "piko", si "vipele". Daktari wa ngozi akitaka hakika, kipimo cha kibandiko mgongoni chenye PPD ya asilimia 1 kwenye mafuta mazito kinajulikana na ndicho kitumikacho. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuvimba vibaya afanye mtaalamu, kwa uangalifu, si kila kliniki yenye pamba na plasta. Rejista hizo zikijazwa kwa mwaka mmoja tu, nyinyi wenyewe mtaona msimu wa Iddi na msimu wa harusi za Disemba zikijitokeza bila kuambiwa na mtu.

Nisisahau ufuo. Nyali na Bamburi wanatembea vijana na vitabu vya michoro, wakiwachora watoto wa wageni kwa rangi hii hii na kuwaambia ni hina ya asili. Mgeni anapanda ndege, na wiki moja au mbili baadaye mkono wa mtoto wake unachemka akiwa kwao, ambako daktari anaijua piko kwa jina la hina nyeusi na anajua aandike wapi. Wale wanaoumia wakiwa kwao wanahesabiwa. Wetu hawahesabiwi.

Ipo siku, na si mbali, itakapoingia rangi mpya kuchukua nafasi ya PPD. Watengenezaji wana ndugu wengi wa kemikali hii, na mfanyabiashara atakuja kwenu akisema yake haina PPD. Hapo swali la mzee wetu litakuwa swali la kweli: je, hii inaleta mzio? Hata hapo msikimbilie mabanda ya wanyama. Umoja wa Ulaya ulizuia majaribio ya wanyama kwa viungo vya vipodozi mwaka wa 2009, na tangu Machi 2013 hauruhusu hata kuuza kipodozi kilichojaribiwa hivyo ili kutimiza sheria zake. Njia zipo. Moja inaangalia kama kemikali inajibandika kwenye vipande vya protini ndani ya chupa. Nyingine inatumia chembe za ngozi ya binadamu zilizokuzwa maabara, ikaangalia kama zinatoa ishara ya kushtuka. Ya tatu inatumia chembe za ulinzi zinazofanana na zile zinazobeba habari kwenda kwenye tezi. Mwongozo namba 497 wa OECD, wa mwaka wa 2021, unasema mbili kati ya tatu zikikubaliana, hukumu imepatikana. Kwa rangi zinazogeuka hewani, kama hii yetu, lazima mpimaji awe mwangalifu, kwa kuwa kinacholeta mzio ni kile zinachogeuka kuwa, na kipimo kinachofanywa haraka chaweza kukikosa. Lakini huo ni mjadala wa wapimaji, na ningefurahi sana siku nitakayousikia ukifanyika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, badala ya kuusoma tu.

Mwenye kuingiza rangi ndiye alete ushahidi huo, kwa gharama yake, kabla kontena halijafunguliwa. Hilo liandikwe kwenye masharti ya kuingiza bidhaa.

Pakiti nilizokusanya kwenye maduka ya mtaani kwetu ninazo, zimefungwa kila moja kwenye bahasha yake, nimeandika duka na siku ya kununua, na risiti kwa zile zilizotolewa risiti. Koni zilizokwisha kujazwa nimeziweka kwenye friji ya maabara kwa sababu zinaendelea kugeuka. Naweza kuzileta ofisi yoyote kati ya zenu tatu siku ya kazi baada ya saa tisa alasiri, ninapotoka shuleni. Niambieni dirisha gani.

Wenu,

Fundi wa maabara ya shule,
Mji wa Kale, Mombasa